Siku Kumi za Upinde, Bonde la Yaeda

Siku ya 1

Basi liliniteremsha Mbulu mjini, kaskazini mwa Tanzania, mchana nikiwa na vumbi mpaka ndani ya masikio. Kutoka hapo ni bodaboda kushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Yaeda Chini, kisha njia ya ng'ombe hadi njia yenyewe inapokwisha. Kijana wa bodaboda akauliza naenda kupiga picha za Wahadzabe, wale watu wa bondeni wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Nikamwambia naenda kukaa nao msimu huu wa kiangazi, wakiwinda. Akanitazama viatu. Hakusema kitu, lakini alivitazama kwa muda.

Ofisi ya kijiji niliandika jina, nikalipa ada ya mgeni, nikapewa mtu wa kunifikisha. Kwa mimi na wewe, kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Wahadzabe wameachwa wawinde kwa ajili ya chakula. Kwa hiyo nilikuja kufuata nyuma na kubeba maji, basi.

Kambi ina vibanda saba vya matawi na nyasi, vya duara, vifupi kuliko kifua changu. Majina ya wenyeji wangu nayaacha huko huko kwao. Nitawaita nilivyowaita nilipokuwa nao. Yuko Mzee, na mkewe niliyemwita Mama. Yuko Bibi, mama yake Mama, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kihadza tu. Yuko Kaka, mtoto mkubwa wa kiume, na Mdogo wake wa miaka kama kumi na minne. Yuko Dada mwenye mtoto mgongoni, na mumewe, ambaye kila mtu humwita Shemeji, nami nikafuata. Halafu yuko Katoto, wa miaka mitano hivi, ambaye tayari ana upinde wake.

Nilimwamkia Mzee "Shikamoo" kwa heshima zote za nyumbani. Akaitikia "Marahaba", kisha akacheka na kunirudishia "Mtana", salamu yao wanayopeana wote, mkubwa kwa mdogo. Nilikuwa nimeleta misumari ya nchi sita, nusu kilo. Alipofungua karatasi akanyamaza, akauchagua mmoja, akaupima kwa jicho moja. Hapo nikajua nimekaribishwa.

Usiku mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha. Mzee aliutazama, akasema ukikua wataanza kulala kwenye maji, wakivizia.

Siku ya 2

Kuna sababu wanaupenda mwezi huu wa Oktoba. Nyasi zimekauka na kulala, vichaka vimepukutisha majani, na maji yamebaki madimbwi machache yanayohesabika. Mnyama hana ujanja, lazima aje anywe. Masika ni kinyume: maji yamezagaa kila mahali, majani yamefunga macho, wanyama wametawanyika.

Asubuhi Kaka alinipa upinde wake niujaribu. Ni fimbo ndefu, ukiusimamisha unamfikia mtu puani, na mti wake umechongwa kwa kisu mpaka ukawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Uzi wake ni mshipa wa mnyama uliosokotwa, wa rangi ya manjano, na unanuka kidogo. Nikavuta. Uzi ulisogea kama upana wa kiganja, ukakataa. Watu waliowahi kuzipima pinde za Wahadzabe wanasema kuvuta moja sawasawa kunahitaji nguvu ya kama kilo 30, yaani ndoo ya maji ya lita ishirini na nusu nyingine juu yake, kwa vidole vitatu, huku umetulia. Mdogo akaupokea, akauvuta mpaka kwenye kidevu, akaurudisha polepole. Hakunicheka. Katoto alinicheka.

Mishale nayo ni ya aina mbili au tatu. Ipo ya mti mtupu uliochongwa ncha, ya ndege na vinyama vidogo. Ipo ya chembe za chuma, misumari iliyopondwa kwa jiwe ikawa bapa kama jani, na mingine hutoka kwa wahunzi wa Kidatoga, kabila la jirani, kwa kubadilishana na asali. Na ipo ile iliyovishwa ukanda wa ngozi shingoni, ambayo nilikatazwa kuigusa. Chini ya ule ukanda kuna sumu nyeusi inayonata kama lami. Wanaichemsha kutokana na mmea wenye shina nene na maua ya rangi ya waridi, wanaouita panjube. Ikiingia kwenye damu inausimamisha moyo.

Tulitoka watatu, Kaka, Mdogo na mimi. Kaka anatembea kama mtu aliyechelewa lakini hana haraka, sijui niielezeje vinginevyo. Mguu unashuka kwa upande wa nje kwanza, ndipo unyayo unalala. Mimi kila hatua nilivunja kijiti. Saa nne hivi akasimama, akainamisha kichwa: digidigi wawili kwenye kivuli, kama hatua thelathini. Alivuta na kuachia kwa pumzi moja. Mshale ulipita juu ya mgongo, upana wa vidole viwili, ukagonga jiwe nyuma yake. Digidigi hawakukimbia mara moja; walitazama kule mshale ulikoanguka, ndipo wakatoweka.

Kaka akaenda kuutafuta mshale. Alitumia muda mrefu kuutafuta kuliko alioutumia kuwavizia wale wanyama. Chembe ilikuwa imepinda. Akaiuma kwa meno ya pembeni, akainyoosha.

Tulirudi jioni mikono mitupu. Watafiti waliowafunga Wahadzabe vifaa vya kupimia mwendo walikuta wanaume hutembea wastani wa kilomita 11 kwa siku. Magoti yangu yanakubali kabisa, tena yangependa kuongeza.

Chakula cha usiku kilikuwa cha Bibi. Alikuwa amechimba mizizi mchana kutwa kwa mti wenye ncha. Wanaiita ekwa, na mwanzoni mwa neno kuna mlio wa ulimi ambao mdomo wangu umeshindwa. Unaichoma kidogo, unaimenya, unatafuna, unanyonya utamu, unatema nyuzi. Yeye na Dada walileta kiasi cha kutosha kambi nzima. Hakuna aliyesema asante wala aliyewauliza wanaume mlikuwa wapi.

Siku ya 3

Upepo. Ulianza alfajiri na haukukata. Mnyama anakusikia harufu kabla hujamwona. Kaka na Shemeji walitoka, wakarudi saa sita. Mzee hakutoka kabisa.

Nyama pekee ya leo ilitoka kwa Katoto. Alimpiga ndege mdogo, wa ukubwa wa kidole gumba na nusu, kwa kimshale cha mti, nyuma ya kibanda cha Bibi. Alimbanika mwenyewe kwenye kaa, akaling'oa paja, akaja kunipa. Paja lilikuwa kama njiti ya kiberiti. Nililila kwa heshima zote.

Siku ya 4

Nilidhani leo ni siku ya tatu ya kukosa. Ikawa siku ya asali.

Tulikuwa tumeshapita mahali ambapo juzi tuliwaona digidigi. Mdogo akaanza kupiga mbinja, si wimbo, ni mlio mmoja unaopanda na kushuka, kama mtu anayemwita mbwa aliye mbali sana. Alipiga, akanyamaza, akasikiliza. Baada ya muda kutoka kwenye mgunga ukajibu mlio wa kavu, mfululizo, kama mtu anayetikisa kiberiti chenye njiti chache. Mlembe. Ndege wa kijivu, hana sura ya kukumbukwa, ungempita siku zote usimtazame. Akaruka mti wa mbele, akasubiri. Tukamfuata. Akaruka tena.

Nilikuwa nimesoma kuhusu jambo hili kabla sijaja. Mwaka 2023 watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha jaribio lao: huku kwa Wahadzabe walipiga rekodi ya mbinja za wenyeji, na rekodi ya mwito wa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, ambao nao hurina kwa kuongozwa na mlembe. Mlembe wa huku aliitikia mbinja ya Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko ule mwito wa kigeni. Yaani ndege naye ana lugha ya kwao. Nilimsimulia Mdogo. Akaniuliza, "Sasa aitikie mtu asiyemjua kwa nini?"

Ndege alitufikisha kwenye mbuyu ambao watu wanne wasingeukumbatia. Akanyamaza. Juu kabisa, pale matawi yanapogawanyika, kulikuwa na tundu na nyuki wakiingia na kutoka. Kaka alikata vigingi vya mti mgumu, akavichonga, akaanza kuvigongelea kwenye gome laini la mbuyu. Anapiga kimoja, anapanda, anapiga kingine juu yake, kigingi kwa kigingi, kienge cha moshi kimefungwa kiunoni, shoka mkononi. Mimi nilikuwa chini nikihesabu. Niliacha kuhesabu kwenye kigingi cha kumi na nne kwa sababu shingo iliniuma na moyo pia.

Walimuuma. Nilisikia akisema jambo kwa Kihadza ambalo Mdogo alikataa kunitafsiria. Kisha masega yakaanza kushuka kwenye mfuko wa ngozi. Tulikula pale pale, asali, majana (watoto wa nyuki) na nta pamoja, mpaka vidole vyangu vikashikana. Majana yana ladha ya maziwa yaliyoanza kuchacha, siyo mbaya ukifumba macho.

Mlembe alikuwa ametua tawi la pembeni, akingoja chake. Nilitaka kumtupia kipande cha sega. Kaka akanishika mkono. Akakusanya mabaki ya nta yote, akayafukia, na mengine akayachoma. "Akishiba atalala," akasema. "Kesho nani atatuongoza?" Nilimwonea huruma yule ndege kwa kweli. Nyumbani tunafundishwa kwamba aliyekuelekeza njia humwachi na njaa. Lakini mimi nategemea duka, wao wanategemea ndege mwenye njaa.

Jioni kambi ilikuwa na kelele ya kicheko. Bibi alikunja mdomo akinyonya nta, akasema kitu, wote wakaangua. Dada akanitafsiria: "Anasema nyuki ndio wawindaji wa nyumba hii."

Siku ya 5

Jua linakaribia kuzama, ukingo wa mbuga, swala pala kama kumi na watano na dume wao. Kaka na Mzee walikuwa wametambaa kwa matumbo tangu sijui saa ngapi, mimi nimeachwa nyuma na Mdogo tumelala kifudifudi, siafu mmoja ananipanda shingoni na siruhusiwi kujikuna. Kaka alikuwa ameuvua mshale wake ule ukanda wa ngozi.

Sikuusikia uzi. Nilichoona ni dume kuruka juu, miguu yote minne hewani, kisha kundi zima likafumuka. Mti wa mshale ulianguka, chembe ikabaki ndani, nyuma kidogo ya bega.

Nikainuka nikimbie. Mdogo akanivuta suruali. "Kaa."

Hili ndilo lililonishinda kuliko yote. Mnyama amepigwa, yuko pale vichakani, na watu wanarudi nyumbani! Mzee alinieleza tukiwa njiani, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto wa mjini, na ndivyo ilivyokuwa. Ukimkimbiza, mwanangu, woga utampeleka mbali hata sumu ikifanya kazi yake hutamfikia. Ukimwacha, atasimama, atajiona salama, atalala. Giza linaingia, na gizani hatufuati damu, kuna chui. Kesho.

Kambini Kaka aliketi pembeni ya moto na wanaume wenzake. Hakusimulia. Aliulaza ule mti wa mshale magotini, wenye damu imekauka, upande unaoonekana. Kila aliyepita aliuona, akaendelea na shughuli zake. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika juu ya ukimya huu wa mwindaji aliyepata: damu kwenye mshale ndiyo inayomsemea.

Usiku sikulala vizuri. Sijui kama kuna aliyelala. Kila nilipofumbua macho kulikuwa na mtu anakoka moto, mtoto analia, mwingine anaongea na kibanda cha jirani. Ipo kambi moja ya Wahadzabe watu wazima 33 walivalishwa vipimo vya usingizi kwa siku 20. Katika saa zaidi ya 220, dakika ambazo wote walilala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Nilipoisoma nilifikiri wamekosea hesabu.

Siku ya 6

Tulitoka kabla ya jua. Kaka mbele, Mzee, Shemeji, Mdogo, mimi.

Damu si mstari kama nilivyodhani. Ni tone moja kwenye jani, kisha hatua ishirini hakuna kitu, kisha alama ya kwato imekanyaga kwa pembeni, mguu mmoja unaburuta. Mahali pamoja Mzee alichuchumaa, akaokota kijiwe, akakigeuza. Upande wa chini kilikuwa na unyevu. "Amesimama hapa sana," akasema. Mbele kidogo nyasi zililala kwa umbo la mnyama. Alilala, akaamka, akalala tena. Kaka akaanza kutembea haraka.

Mdogo ndiye aliyewaona tai kwanza. Wala hawakuwa wakizunguka tena. Walikuwa wameshatua.

Fisi walikuwa wametutangulia. Palibaki fuvu na pembe, vipande vya ngozi, mguu mmoja wa nyuma uliotafunwa mpaka kwenye goti, na ardhi iliyochimbuliwa yote. Shemeji akatoa sauti fulani kwa meno. Wahadzabe wenyewe simba akiua, wakipata nafasi, humfukuza wakachukua nyama. Leo zamu ilikuwa ya wengine.

Kaka alizunguka pale kwa muda, macho chini. Nilidhani anatafuta nyama iliyobaki. Alikuwa anatafuta chembe. Aliipata, kwenye tope la damu na mavi ya fisi, akaipangusa kwa majani, akaiweka mdomoni mwa mfuko wake. Mzee alibeba ule mguu. Njiani hakuna aliyeongea.

Dada alitupokea kwa kututazama mikono, akageukia kinu. Anatwanga ubuyu, unga na mbegu pamoja, anakoroga na maji. Ndicho tulichokunywa. Mguu uliingia kwenye sufuria ya Bibi, mchuzi wake ukapita kwa watoto.

Siku ya 7

Hakuna aliyetoka. Wanaume walicheza lukuchuko tangu asubuhi. Wanakata vipande vya magome, wanavishika pamoja, wanavirusha vigonge mti na kuanguka, kisha wanasoma vilivyoangukia upande gani. Sheria zake nilielezwa mara tatu, nikasema nimeelewa ili wapumzike. Wanachocheza ni mishale. Siyo ile ya mti mtupu ya ndege, ni ya chembe, hata ya sumu.

Kaka alikuwa na hasira ya fisi, na mtu mwenye hasira hachezi. Aliliwa mshale wa kwanza, wa pili, kisha ule wenyewe, ambao asubuhi hiyo hiyo alikuwa amerudishia chembe yake, akapaka sumu upya, akafunga ukanda. Shemeji aliuchukua bila kutabasamu. Kila mtu kambini anaujua mshale wa kila mtu, kwa mkato wa mti na namna manyoya ya kanga yalivyofungwa. Mama alipoona nani anautia mfukoni, aliguna mguno mmoja mrefu, ule ambao mama zetu wote wanao.

Mchana nilikwenda na Mdogo dimbwini kuchota maji. Tulikuta kwato za ng'ombe, nyingi, tope limevurugwa mpaka katikati. Mzee alipoambiwa, aliuma mdomo. Ng'ombe wakinywa mchana, pala na pundamilia wananusa na kusogea mbali. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao, takribani hekta 20,000, kwa jina la jamii nzima, na siku hizi vijiji vinapata fedha za hewa ukaa kwa kuacha misitu isimame. Mzee anaijua hati hiyo, anajua hata iliko. "Karatasi ni nzuri," akasema, "lakini ng'ombe hawajui kusoma." Hakuwalaumu wenye ng'ombe kwa majina. Ukame ni wa wote, akasema, na yeye akiwa na ng'ombe angewapeleka wapi?

Siku ya 8

Mwezi umeshakuwa mkubwa. Leo usiku kwenye maji. Hawaendi mmoja mmoja. Ni wawili wawili, kwa sababu na simba naye ana kiu. Shemeji na jirani mmoja walikwenda dimbwi la mbali, upande wa milima. Mzee na Kaka wakachukua la karibu. Nilimwomba Mzee niketi nao. Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akaniambia nisipake kitu chochote mwilini, nisile vitunguu, na nikae ninapokalishwa.

Kivizio ni ukuta wa mawe na matawi, unafika kiunoni, upande ambao upepo unatoka majini kuja kwetu. Tuliingia jua likiwa bado jekundu. Kisha hakuna kitu. Naomba nieleweke: hakuna kitu, kwa saa nne. Vyura. Bundi. Nyayo za nungunungu anayevuta miiba yake kama mtu aliyevaa kanga ya karatasi. Miguu ilikufa ganzi, ikafufuka, ikafa tena. Mzee hakusogea hata kidogo. Kuna wakati niliogopa.

Walikuja kama saa tano. Tandala. Nilimwona wa kwanza, jike, akasimama ukingoni mwa mwanga, masikio makubwa yakizunguka. Nyuma yake dume, pembe zimejikunja mara mbili na mwezi umekaa katikati yake. Dume akapiga hatua moja. Akasimama. Hatua nyingine. Mzee alikuwa ameshavuta upinde, na sikuwa nimemwona akianza. Uzi ulikuwa kwenye kidevu chake. Dume akainamisha shingo kwenye maji.

Na mimi nikakohoa.

Haikuwa kikohozi kikubwa. Ilikuwa vumbi la siku nane lililokuwa limekaa kooni likisubiri saa hiyo. Nilikibana, kikatoka puani kama chafya ya paka. Dimbwi lilikuwa tupu kabla sijamaliza. Tulisikia tu mawe yakiporomoka mlimani.

Mzee alilegeza uzi polepole. Kaka alinitazama, halafu akatazama mwezi. Ningetamani wanigombeze. Baada ya muda mrefu Mzee akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Koo ni koo." Akajilaza pale pale, akalala.

Siku ya 9

Tulirudi alfajiri. Habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa njia gani, maana Katoto alinipokea kwa kukohoa. Siku nzima watoto wote wa kambi walikuwa na kifua. Mama naye, mtu mzima, alinipa kikombe cha maji ya ubuyu akaniambia, "Kunywa, mwanangu, tandala wapone."

Saa tatu Shemeji akatokea, peke yake. Alitembea mpaka mahali wanaume wanapokaa, chini ya mti, akaketi, akaomba maji. Magotini aliulaza mti wa mshale. Damu ilikuwa imefika mpaka karibu na manyoya.

Kaka aliuona. Ningeuona hata mimi. Ulikuwa na kovu dogo pale alipoukwangua juzi ili sumu ishike. Ulikuwa mshale wake. Mti aliunyoosha yeye, chembe aliitoa yeye kwenye mavi ya fisi, sumu aliipaka yeye. Akaliwa kwenye magome.

Wanaume walikaa kimya wakitazamana. Kisha Kaka akasema neno moja la Kihadza, na Mzee akaanza kucheka, cheko la tumboni lisilo na sauti, mpaka machozi. Shemeji akajitahidi kukaza uso, akashindwa. Nilimuuliza Mdogo kaka yake kasema nini. "Amesema: kikohozi."

Pundamilia alikuwa amepigwa kabla ya mapambazuko, na jirani alibaki kulinda njia. Kambi nzima ilikwenda, Bibi akiwa mbele na fimbo yake, Dada na mtoto mgongoni, mbwa, sufuria. Alama zilikuwa wazi, tukamkuta mita kama mia nane tu mbele. Alikuwa ameanguka kwenye kivuli cha mgunga, ubavu juu, kama amelala mchana. Pundamilia mzima ni zaidi ya kilo 200. Hakuna kambi inayoweza kuibeba nyama yote hiyo ikiwa na njaa, kwa hiyo kwanza tulikula.

Walikata nyama ya kuzunguka jeraha, wakaitupa mbali. Inayobaki hailiwi kwa woga: sumu hii huua ikiingia kwenye damu, na moto unamaliza kilichobaki. Mzee na wanaume wakubwa walichukua sehemu zao wakaenda nyuma ya vichaka. Hiyo ni nyama ya epeme, haionwi na wanawake wala na vijana ambao hawajafikia ngazi hiyo, na mimi mgeni nilijua bila kuambiwa nigeuze uso upande gani. Mdogo naye alibaki na sisi. Alitazama vile vichaka mara moja tu.

Waliobaki waligawana. Sikuona aliyegawa, na hilo bado linanishangaza. Kila mtu alikata, kila mtu alidai, sauti zilipanda, na mwisho kila moto ulikuwa na nyama. Shemeji hakupata zaidi ya wengine. Jirani mmoja ambaye sikuwahi kumwona tangu nifike alitokea na familia yake, akaketi, akala, na hakuna aliyemuuliza katoka wapi. Watafiti waliohesabu siku za wawindaji hawa miaka ya 1980 walikuta mwindaji mmoja hupata mnyama mkubwa kama mara moja kwa mwezi. Mara moja! Nilifanya hesabu nikiwa natafuna: Shemeji amekula nyama ya leo, ambayo ni yake, keshokutwa atakula ya mwingine, na Bibi atachimba kila siku katikati.

Tulirudi gizani, mafuta mpaka kwenye viwiko. Dada aliimba njia nzima.

Siku ya 10

Bodaboda aliahidi kunisubiri saa nne pale njia inapoanza. Nyama ilikuwa imetundikwa matawini, vipande virefu vyembamba, na kambi ina harufu ya bucha lenye moshi.

Nilimuaga Bibi kwanza. Alinishika mkono, akauambia mkono wangu kitu kirefu, na safari hii Dada alikataa kutafsiri.

Kaka alikuwa ameketi kwenye moto. Anapitisha ufito mpya juu ya makaa, anauzungusha, anautoa, anauma pale ulipopinda na kuukunja kinyume, anaufumbia jicho moja, anaurudisha motoni. Kwenye jiwe pembeni yake kulikuwa na msumari wangu mmoja wa nchi sita, umeshapondwa nusu, kichwa chake bado cha duara kama ulivyotoka dukani.

"Huu nao utaucheza?" nikamuuliza.

Hakuinua macho. "Inategemea Shemeji anaweka nini."

Nyuma yake Katoto alikuwa amevuta upinde wake mpaka mwisho, akinilenga mkoba.

"Koh, koh," akasema, akaachia.